Kopa Tano za Mwikwabe

Karata nilimfundisha mimi, na nilimfundisha sawasawa. Nalisema hili kwanza kwa sababu hapa Morotonga wapo watu wanaopenda kusema kwamba mimi Waisiko nilimfundisha Mwikwabe kombokombo, ndiyo maana mambo yakaharibika. Waongo hao. Wengi wao hata karata ya ree hawaijui ukiwawekea puani.

Mimi nilifundishwa na marehemu mume wangu, Nashoni. Ujanani alifanya kazi jikoni kwa Wazungu wa machimbo. Jioni walikuwa wakicheza poka, yeye akiwapelekea vinywaji na kuchelewa makusudi kuondoka mezani. Alipoacha kazi alirudi na blanketi, sufuria nzito na pakiti ya karata. Mungu hakutupa mtoto. Nyumba isiyo na mtoto ina jioni ndefu, na sisi zetu tulizicheza karata, tukiwekeana punje za mahindi. Wapita njia wakisikia tunavyocheka wakasema Nashoni amelogwa na mke wake. Hakulogwa, nilikuwa nimemshinda tu.

Alikufa kabla ya Operesheni ya vijiji. Msibani sikulia sana, nikasemwa kwa hilo pia. Nililia siku nilipofungua kopo la majani ya chai nikaziona zile karata, na hakuna wa kunigawia.

Halafu Operesheni ikaja, tukahamishwa kutoka mabomani kwetu, tukapangwa kwenye mistari ya nyumba, jirani yangu wa kulia Mnata, wa kushoto Mjaluo, na nyuma yangu mtu wa ukoo ambao zamani tulikuwa tukifukuzana nao kwa mishale. Nyumba nilijengewa. Zizi sikuwa nalo, mjane hana zizi. Ng'ombe alioniachia Nashoni walilala kwa Mwikwabe, mtoto wa marehemu Method, mdogo wake mume wangu. Mwikwabe ndiye mwanamume pekee aliyebaki katika boma letu. Aliniita mama, na mimi nilimwita mwanangu kwa moyo wote.

Wale ng'ombe walikuwa na kazi yao, na kijiji kizima kiliijua. Kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume hafi hivihivi nyumba yake ikazimika. Akiwa na ng'ombe, anaoa. Anatoa mahari kama mwanamume, binti anakuja kuwa mke wa nyumba yake, na watoto atakaozaa wanakuwa wa nyumba ile na wanabeba jina lake. Wenyewe tunaiita nyumba ntobhu. Mimi nilikuwa nimeshapata wa kumwoa. Aliitwa Veronika, binti wa Tomaso wa mstari wa nyuma, na alikuwa na mtoto wa kiume anayeanza kutembea, Marwa. Baba wa mtoto alivuka Sirari kwenda Kenya na hajaonekana tena.

Veronika alikuwa akija kusaga kwangu kila alipopata nafasi, Marwa akikaa miguuni pangu kutafuna ncha ya khanga. Kulikuwa na mzee mmoja wa Genkuru mwenye wake tayari, naye alikuwa akimtaka. Binti alimwogopa mno.

"Mama, nioe wewe," aliniambia siku moja, mkono ukiwa bado juu ya jiwe. "Yule mzee anapiga. Mimi na huyu mtoto tukae hapa na wewe."

Nilikwenda kwa Tomaso siku ileile. Alikubali. Mavuno yakiisha na ng'ombe wangu wakiingia zizini kwake, Veronika na Marwa wanahamia kwangu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kipumbavu kabisa. Nilijikuta nasema kwa sauti, "Nashoni, tumepata mjukuu."

Mwaka ule ugonjwa wa ndigana uliua ng'ombe wengi, na wa Mwikwabe waliisha karibu wote. Ajabu ni kwamba wangu walipona, wakiwa zizi lilelile. Mwikwabe alikonda. Mwanamume wa kwetu asiye na ng'ombe anaamka asubuhi hajui asimame wapi. Nilimhurumia sana. Ndiyo maana alipokuja mchana mmoja wa mvua akanikuta nazipanga karata za Nashoni mkekani, akasema, "Mama, na mimi nifundishe," sikuuliza anazitakia nini. Tena nilifurahi, maana tangu mazishi hakuna mtu aliyewahi kuketi mbele yangu upande ule wa mkeka.

Nilianza na koo. "Karata zina koo nne," nikamwambia. "Kopa, uru, shupaza na maua. Kila ukoo una wadogo na wakubwa wake, kuanzia mbili mpaka mfalme, na juu ya mfalme yupo ree." Hapo alielewa mara moja. Nikamgawia karata tano, na mimi tano. Nikamwonyesha kwamba anaweza kuzitupa zile asizozipenda na kuchukua nyingine mara moja tu. Nikamwonyesha kuweka punje, kufuata alichoweka mwenzio, na kutupa karata zako ukiona hali ni mbaya. Nikamfundisha na kutisha, yaani kuweka punje nyingi na mkononi huna kitu.

"Huo si uongo, mama?"

"Hapa mkekani siyo. Ukishasimama, ni uongo."

Alicheka. Kutisha alikujua kuliko mimi, ana uso mkavu, hata akiumwa jino hujui. Baada ya hapo tukaingia kwenye daraja za mkono, nani anamshinda nani. Pacha, yaani karata mbili zinazolingana, wanashinda karata isiyo na mwenzake. Pacha wa aina mbili wanashinda pacha mmoja. Tatu za namna moja zinawashinda hao. Ngazi, karata tano zinazofuatana, inashinda tatu. Ukoo, yaani karata zote tano za ukoo mmoja, unashinda ngazi. Na juu ya ukoo ipo tatu na mbili, tatu za namna moja na pacha wao pembeni.

"Rudia hiyo," Mwikwabe akasema.

"Tatu na mbili inaushinda ukoo."

Aliziweka karata chini. "Hapana. Hizi tatu zinatoka koo mbalimbali. Na hawa pacha pia. Watu wa kuokotwaokotwa wawashinde ndugu watano wa damu moja? Haiwezekani, mama."

"Hazina damu, Mwikwabe. Ni makaratasi. Tatu na mbili ni ngumu zaidi kuipata, ndiyo maana iko juu."

"Hiyo ni sheria ya Wazungu, wao hawana koo. Mchezo ukifika kwa Wakurya unanyooshwa."

Nilimkalisha, nikairudiarudia hiyo sheria mpaka akaitamka kama mtoto wa katekisimu, "Tatu na mbili inaushinda ukoo." Aliitamka akitazama mvua mlangoni. Mdomo ulikubali na uso haukukubali, na mimi niliona, kwa sababu kusoma uso ndiyo nusu ya mchezo wenyewe.

Tuliendelea hivyo kila ilipopiga mvua. Kisha siku moja akauliza, akichanganya karata, "Mtu akiweka ng'ombe badala ya punje, inabadilisha kitu?"

"Ng'ombe za nani?"

"Nauliza tu."

"Usiniulizie tu mimi. Ng'ombe za nani, Mwikwabe?"

"Natania, mama. Umekuwa mkali kama pilipili."

Nilizikusanya karata zote nikazirudisha kwenye kopo, na sikumfundisha tena. Ilikuwa sawa na kufunga zizi mifugo imeshatoka. Haukupita muda Veronika akaniambia kwamba Mwikwabe amekata karata zake mwenyewe kwenye makasha ya sigara, na anawafundisha vijana nyuma ya ghala la kijiji. "Eti huko ukoo ndio mkubwa kuliko wote," Veronika akasema. Nilimwita Mwikwabe kwangu mara mbili. Mara zote alituma salamu kwamba ana kazi ya shamba la kijiji.

Kukosa usingizi kwa sababu ya mtoto wako mwenyewe ni kitu kibaya. Nilikuwa nikijiambia kwamba ni mwanangu, hawezi. Halafu nakumbuka anavyotisha. Nilimwendea Tomaso nikamwomba achukue ng'ombe mapema, kabla ya mavuno. Tomaso akakataa. Zizi lake lilikuwa halijaisha kujengwa, na aliogopa ndigana. "Una haraka gani, mama?" akaniuliza. "Ng'ombe wako kwa mwanao." Nilishindwa kumwambia kwamba hilo ndilo linalonisumbua.

Siku ya josho ng'ombe wote wa kijiji walipelekwa kuogeshwa dawa ya kupe. Nami nilikwenda kuwaona wangu. Nilimkuta wa kwanza kabisa, mwekundu mwenye doa jeupe begani, ananyoosha shingo kunitambua. Walikuwa wameshaogeshwa, wamesimama pembeni wakichuruzika dawa, na mchungaji wao hakuwepo. Nilisikia kelele za wanaume nyuma ya ukuta wa josho, nikazunguka.

Mwikwabe alikuwa ameketi juu ya gunia. Mbele yake aliketi Wangwe, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Nyamisangura, mjini Tarime, mtu mzima mwenye koti zito aliyewahi kukaa Kenya miaka mingi. Karata zilikuwa za Wangwe, karata halisi. Vijana wa ukoo wetu waliwazunguka, wale waliofundishwa nyuma ya ghala.

"Shikamoo, mama," Wangwe alinisalimu kwa heshima.

"Marahaba."

Mwikwabe hakugeuka. Nilisimama nyuma yake, na kwa bahati mbaya nina macho. Mkononi alikuwa na kopa nne na shupaza moja. Aliitupa shupaza, akachukua karata moja, ikaja kopa. Shingo yake ilisimama. Wangwe naye alitupa moja, akachukua moja, akaitazama kama mtu anayetazama mchana umefika wapi.

Anayebadilisha moja tu mara nyingi ana pacha wa aina mbili tayari, na anaomba wa tatu. Nilitaka kusema. Lakini mtu wa nyuma hasemi karata za watu, hiyo nayo nilimfundisha mimi.

"Naweka wale wote pale," Mwikwabe akasema, na akanyoosha kidole kwa ng'ombe wangu.

Wangwe aliwatazama ng'ombe kwanza. "Mura, kijana wangu, nilishakuambia tangu mwanzo. Mimi ng'ombe za mtu mwingine sichezi. Nimeona watu wakifungwa kwa ng'ombe za wizi. Hizo ni zako?"

"Ziko zizini kwangu. Uliza yeyote."

Vijana wakaitikia kwamba ndiyo, ziko zizini kwake. Kweli zilikuwa zizini kwake. Nikafungua mdomo, na Wangwe akawa ameshasema, "Nafuata. Na mimi naweka zangu zote nilizonunua leo," na karata zikafunuliwa pale pale juu ya gunia.

Mwikwabe alikuwa na kopa tano. Wangwe alikuwa na nane tatu na wafalme wawili.

Sijapata kuona uso wa Mwikwabe ukifunguka vile tangu ng'ombe wake wafe. Alirusha mikono juu. "Ukoo! Ukoo mzima!" Vijana wakampiga makofi mgongoni, mmoja akakimbia kwenda kuwaswaga ng'ombe wa Wangwe.

"Taratibu," Wangwe akasema. "Mimi ndiye niliyeshinda."

Wakamcheka. Halafu wakaacha kucheka na kumsogelea, fimbo mkononi, na yeye alikuwa peke yake, mtu wa ukoo mwingine, mbali na kwao. Alimtazama Mwikwabe. "Nani alikufundisha mchezo huu?"

"Huyu hapa, mama yangu," Mwikwabe akasema, na sasa ndipo aligeuka. Macho yake yalikuwa yanang'aa na yananitegemea. "Mama ni wa kwetu. Muulize yeye. Akisema, yamekwisha."

Wangwe akanitazama. "Mama, wewe ni mtu mzima. Sema unachokijua."

Nami nilijua ninachoulizwa. Nikisema ukoo umeshinda, ng'ombe wangu wanabaki na wa Wangwe wanaongezeka, na Wangwe angeondoka akishukuru kwamba hakuvunjwa kichwa. Nikisema kweli, ng'ombe wangu wanakwenda Tarime, na Veronika anakwenda Genkuru kwa yule mzee. Njia ya tatu ilikuwepo, na ufunguo wake alikuwa nao Mwikwabe, maana nikisema mimi ingeonekana natafuta kumwokoa aliyeshindwa. Akisema tu kwamba wale ng'ombe ni wa mama yake, basi aliweka kisicho chake, mchezo unavunjika, kila mtu anarudi na mifugo yake. Wangwe mwenyewe alishasema ng'ombe za mtu mwingine hachezi.

Nilimwita kwa jina. "Mwikwabe, nitajibu. Wewe nijibu kwanza, mbele ya hawa. Wale ng'ombe ni wa nani?"

Alikunja uso. Hakulitegemea swali hilo.

"Fikiri kabla hujajibu," nikamwambia. "Mwanangu, fikiri. Ni wa nani?"

Namwapia Mungu, nilikuwa namsihi. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote ili anisome usoni kama nilivyomfundisha. Angenisoma angejua kwamba ameshashindwa, na kwamba namfungulia mlango. Lakini yeye alikuwa anatazama ng'ombe wa Wangwe. Alijua kwamba akisema ni wa mama, mchezo unavunjika, na alichokwisha kushinda anakikosa. Vijana nao walikuwa wanamtazama.

"Ng'ombe ni za ukoo," akasema. "Mimi ndiye mwanamume wa boma lile, ni zangu. Mwanamke hana ng'ombe."

Hakuna aliyeshangaa pale ila mimi. Mmoja wa vijana alitikisa kichwa kukubali kama mtu aliyesikia kwamba maziwa ni meupe. Nikajua sasa kwamba hata angeshinda dunia nzima, Veronika asingekuja kwangu. Niliumia. Pia nilikasirika, sifichi, nilikasirika mpaka meno yakaniuma.

"Tatu na mbili inaushinda ukoo," nikasema. "Mnunuzi ameshinda. Mwikwabe anaijua sheria hiyo, alinirudishia kwa mdomo wake nyumbani kwangu."

"Mama!"

"Ulisema ni zako. Mpe."

Vijana hawakumgusa Wangwe. Mtu hapigwi fimbo kwa kitu ambacho mama wa upande wenu amekitolea neno. Alinishukuru kwa sauti ndogo, nikamwambia asinishukuru. Aliwaswaga ng'ombe wangu pamoja na wake kuelekea barabara ya Mugumu, na yule mwekundu wa doa begani alisimama kila mara kugeuka nyuma mpaka alipochapwa.

Mwikwabe alibaki ameketi juu ya gunia, karata zake za kopa mkononi. "Ungenyamaza tu," akaniambia. "Ungesema neno moja tu, mama. Kwa mtoto wako."

"Na wewe nilikuomba moja."

Hatujasalimiana vizuri tangu siku ile.

Habari ilitembea upesi kuliko mimi. Nilipofika nyumbani Veronika alikuwa ameketi kwenye kizingiti changu, Marwa amelala mapajani mwake. Alikuwa amefagia uwanja, amepanga na kuni. Nikamweleza yote tangu mwanzo, na nilipofika mahali Mwikwabe aliposema mwanamke hana ng'ombe, ikabidi nikae kwanza. Nikamwambia kwamba wale ng'ombe hawangetufikia kamwe, hata kama ningesema uongo. Nikamwambia mara ya pili, maana mwenyewe nilihitaji kulisikia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Ungesema kopa zimeshinda," akaniambia. "Wangebaki hapa kijijini. Watu wangebaki wanawaona kila siku zizini kwa Mwikwabe, na wewe ungepigana naye kwa mwenyekiti, kwa wazee, mwaka huu, mwaka ujao. Baba angesubiri. Mimi ningesubiri. Sasa baba atasubiri nini?"

Tomaso akaita kutoka mstari wa nyuma. Veronika akamwinua mtoto, akamfunga mgongoni, akanipa shikamoo kama anavyopewa mtu wa mbali, akaenda.